Namna ya kumpata mkopeshaji binafsi wa muda mfupi kwa biashara ya nyumba, Unguja na Pemba

Nyumba inauzwa Fuoni kwa bei ya haraka. Dari zimeoza, choo kibovu, na mwenyewe anataka fedha zake mwezi huu huu. Benki haitamaliza kusoma maombi kabla nyumba haijachukuliwa na mwengine. Hapo ndipo anapohitajika mtu mwenye fedha zake mwenyewe, wa kuziweka kwako miezi sita hadi kumi na miwili, kisha azitoe na faida. Marekani biashara hii ina makampuni yanayojitangaza waziwazi, na mengi hutoa kiasi cha asilimia 65 hadi 75 ya thamani ya nyumba. Kwetu hakuna dirisha la namna hiyo. Fedha zipo kwa wafanyabiashara, wastaafu, wenye nyumba za wageni na jamaa walio nje, na hakuna anayebandika tangazo mlangoni.

Wengi huanza kwa kutafuta mtu, ndiyo maana wengi hurudi mikono mitupu. Mwenye fedha atakuuliza mambo mawili tu: karatasi ya nyumba ikoje, na fedha yangu itarudi kwa njia gani. Majibu yatafutwe kabla yake.

1. Karatasi kwanza

Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, na anachokuwa nacho mtu ni haki ya matumizi chini ya Sheria Namba 12 ya 1992. Mkononi mwa muuzaji unaweza kukuta karatasi za aina nyingi, na kila moja ina uzito wake kwa mkopeshaji.

Bora kuliko zote ni hati ya haki ya matumizi iliyotolewa na Kamisheni ya Ardhi, jina la muuzaji likiwa ndilo lililoandikwa. Inayoonekana zaidi mitaani ni mkataba wa mauziano ulioandikwa mbele ya sheha na mashahidi. Huo ni ushahidi kwamba watu wawili waliuziana. Haukufanyi mwenye haki iliyosajiliwa. Mkopeshaji makini ataukubali pale tu mlolongo wote upo: aliyemuuzia muuzaji wako alinunua kwa nani, na huyo aliipata wapi. Ukikatika kiungo kimoja, punguza bei au achana nayo.

Nyumba ya mirathi ndiyo inayoua biashara nyingi. Anayeuza ni kaka mkubwa, anazungumza vizuri, funguo anazo. Lakini kama marehemu aliacha watoto, mjane ana thumuni yake (fungu moja kati ya manane), mabinti wana mafungu yao, na pengine mmoja wao yuko Maskati hana habari. Usilipe hata arbuni, yaani malipo ya kushikia nyumba, kabla hujaona karatasi ya mgao, iwe imepita kwa Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na saini ya kila mrithi mtu mzima. Kama kuna mtoto mdogo, fungu lake halisainiwi na mjomba tu kwa sababu ni mjomba.

Angalia pia kama kiwanja kimekatwa kutoka shamba la eka tatu, yale yaliyogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Pembezoni mwa mji viwanja vingi vimezaliwa hivyo, na mashamba yale yalitolewa kwa kilimo. Mkopeshaji akisikia "eka tatu" atauliza ruhusa ya kubadilisha matumizi iko wapi. Uliza na miti. Huku kwetu mnazi au mkarafuu unaweza kuwa wa mtu mwengine na ardhi ya mwengine, na mwenye minazi mitano uani atajitokeza siku ya kung'oa. Mlipe mapema, andikishianeni.

Nyumba ya wakfu haiuzwi. Mji Mkongwe, tangu Malindi mpaka Shangani, kazi yoyote inahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na kibali kina muda wake.

Muda huo ndio wenye khatari. Uhaulishaji wa haki ya ardhi, yaani kuihamisha kwa jina la mwengine, unapita kwenye Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, ushuru wa stempu unalipwa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na kila afisi ina foleni yake. Fundi anaweza kumaliza nyumba kwa wiki kumi, huku karatasi bado iko mezani kwa mtu na mnunuzi wako wa mwisho anaisubiri. Kwa hivyo muda wa mkopo upimwe kwa mwendo wa karatasi. Uliza Kamisheni maombi ya karibuni yamechukua muda gani, ongeza nusu yake, halafu ndiyo uweke muda wa ujenzi juu.

2. Hesabu ya ukurasa mmoja

Wanunuzi wa nyumba mbovu Marekani wana kanuni ya asilimia 70: chukua bei ambayo nyumba itauzika ikishatengenezwa, toa asilimia 30, kisha toa gharama ya ukarabati. Kinachobaki ndicho kiasi cha juu cha kununulia. Inafaa kuazimwa, kwa sababu ile asilimia 30 ndiyo inayobeba makaratasi, dalali, ucheleweshaji na faida ya watu wawili.

Mfano. Nyumba ikitengenezwa itauzika shilingi milioni 120, bei ambayo nyumba za jirani zimeuzwa kweli, si ile anayoitaja dalali. Asilimia 70 yake ni milioni 84. Ukarabati milioni 18. Basi usinunue zaidi ya milioni 66. Muuzaji amekubali 60, mlango uko wazi:

Kununua: milioni 60
Ukarabati: milioni 18
Wakili, ushuru, uhaulishaji, dalali: milioni 5
Akiba ya dharura: milioni 7
Jumla: milioni 90

Akiba hiyo usiifute ili hesabu ipendeze. Mchanga wa ujenzi Unguja una vibali na uhaba wake, na bei hubadilika kazi ikiwa katikati. Kwa nyumba za zamani za mawe na chokaa, kosa la kawaida ni kupiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa chokaa: unyevu unanasa ndani, rangi inavimba, na lipu inabambuka kabla hujauza. Mafundi wa chokaa si wengi na kazi yao haiharakishwi, kwa sababu chokaa inataka siku za kukauka baina ya tabaka na tabaka.

Kisha andika njia ya kurudisha fedha. Zipo mbili za kweli: kuuza, au kuhamishia deni benki hati ikishatoka kwa jina lako. Kodi ya nyumba si njia. Ukipangisha kwa shilingi 500,000 kwa mwezi, miezi tisa inakupa milioni 4.5, na wewe umechukua makumi ya mamilioni. Anayeahidi kulipa mkopo mfupi kwa kodi hajapiga hesabu, na mwenye fedha atamjua mara moja.

3. Amueni sura ya fedha kabla ya kiasi

Wenye fedha wengi wa visiwani hawatachukua riba, wala hawatapenda kuulizwa "unataka asilimia ngapi kwa mwezi". Wapo wanaochukua. Lakini ukienda na lugha ya riba umejifungia milango mingi kabla hujabisha hodi.

Musharaka ndiyo inayofaa zaidi nyumba ya kununua, kutengeneza na kuuza. Kila mmoja anatia mtaji. Faida mnagawana kwa kiwango mlichokubaliana, hasara kwa uwiano wa mtaji. Katika mfano wetu wewe unatia milioni 25, mwenzako 65, na mmekubaliana faida nusu kwa nusu kwa sababu kazi ni yako. Nyumba ikiuzwa 120, faida ni milioni 30: yeye anaondoka na 80, wewe na 40. Ikiuzwa 100, faida ni 10, kila mtu 5. Ikiuzwa 81 tu, hasara ni milioni 9: yeye anabeba 6.5, wewe 2.5 na jasho lako. Muoneshe hali zote tatu. Ile ya hasara ndiyo itakayomfanya akuamini.

Ukimuahidi mshirika "milioni 15 zako zipo, iwe iwavyo", hiyo si musharaka tena, hata mkiita hivyo kwenye karatasi.

Murabaha inafaa vifaa. Mwenye fedha ananunua mabati, saruji na milango, vinakuwa vyake, kisha anakuuzia kwa bei iliyoongezwa na kujulikana: vifaa vya milioni 12 taslimu unauziwa 13.2, kulipa baada ya miezi minne. Bei ikishafungwa haipandi hata ukichelewa. Kinachoharibika mara kwa mara ni kupewa fedha taslimu mkononi ukanunue mwenyewe, halafu mkaiita murabaha. Masheikh watakwambia hiyo ni nini.

Karadha, ile ya kurudisha ulichochukua bila ya ziada, iombe kwa jamaa wa karibu tu, kwa kiasi kidogo na muda mfupi, kama vile kuziba pengo la ushuru wa stempu.

4. Fedha zinakaa wapi, na lini

Wafanyabiashara wa Darajani, Mchangani na Mlandege wana mtaji unaopumzika baina ya mzigo na mzigo. Wanaelewa haraka, lakini fedha yao ina tarehe: kabla ya Ramadhani na Idi wanaihitaji wenyewe. Usimuombe mwenye duka la nguo miezi miwili kabla ya Idi.

Wenye nyumba za wageni Nungwi, Paje na Jambiani hujaa fedha msimu wa watalii wa Juni hadi Oktoba, na tena kuanzia Disemba hadi Februari. Masika ya Aprili na Mei wanalipa mishahara kwa akiba. Waendee Oktoba au mwanzoni mwa Machi.

Pemba hesabu inafuata karafuu. Mkulima na mwenye kukodi mashamba wakishapeleka kwenye vituo vya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, wanalipwa kwa mkupuo, na baada ya msimu mkubwa Wete, Konde na Mkoani wapo watu wanaotafuta pa kuweka fedha. Wengi wangependa ardhi kuliko benki, kwa hivyo nyumba ya Chake Chake wanayoweza kwenda kuiona kwa macho itawavuta kuliko ya Mbweni.

Wastaafu wenye kiinua mgongo ni rahisi kuwapata, na ndio wa kuwachunga kuliko wote. Mzee asitie fedha yake yote. Kama anataka kuweka milioni 40 na ndizo alizonazo, chukua 10 au mwambie hapana. Biashara ikichelewa miezi mitatu, mfanyabiashara atakasirika. Mzee atakosa dawa.

Walio nje, Oman, Dubai, London, wana hamu ya kuwekeza kwao, na wengi wameshaumizwa na ndugu zao wenyewe kwa kutumiwa picha za ukuta wa nyumba ya mtu mwengine. Watake wamtume mtu wao, si wako, kukagua. Uliza pia mapema ana pasi ya nchi gani: asiye raia wa Tanzania hawezi kushika haki ya ardhi kwa njia ya kawaida, kwa hivyo dhamana yake itengenezwe na wakili kwa namna nyengine.

Maduka ya vifaa vya ujenzi husahauliwa. Mwenye duka Mwanakwerekwe anayekujua anaweza kukupa nondo na mabati ya miezi mitatu, na hapo umepunguza kiasi cha kuomba kwa watu wengine. SACCOS uliyo mwanachama nayo ni msaada wa pembeni, kwa kiwango cha akiba zako.

Wa kukujulisha kwa watu hawa ni wakili anayeandika mauziano. Anajua nani ameuza kiwanja mwezi uliopita na fedha bado haijapata kazi. Hatakutajia jina, lakini ukimuachia ule ukurasa mmoja ataupeleka. Fundi mkuu anayejenga nyumba za watu wenye uwezo ni wa pili. Dalali awe wa mwisho, maana anachotaka yeye ni mauziano yapite.

Wawili watatu wanatosha. Ukianza kukusanya fedha za watu wengi kwa ahadi ya faida, umeingia kwenye kazi inayohitaji leseni ya Benki Kuu. Na mikopo ya programu za simu usiiguse kwa nyumba. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 za kukopesha kwa kukosa leseni. Hata zilizo halali ni za fedha ndogo na siku chache. Yeyote anayekuomba "ada ya kufungulia mkopo" kabla ya kukupa kitu, mfute kwenye simu.

5. Kumwendea

Usiombe fedha siku ya kwanza, wala msikitini baada ya sala mbele ya watu. Omba nafasi, nenda kwake, na karatasi mkononi. Maneno yawe machache:

"Shikamoo ami. Nimekuja na jambo la biashara, na ukiona halikufai tutakunywa kahawa tu. Kuna nyumba Fuoni, karatasi zake hizi, wakili kashazipitia. Nahitaji mshirika wa milioni 65 kwa miezi tisa. Hesabu yake hii hapa, na hii hapa ni hali ya hasara. Nataka uende ukaione nyumba wewe mwenyewe, au umtume mtu wako, halafu tuzungumze."

Mwachie nakala, ondoka. Akinyamaza wiki nzima usimpigie kila siku; huenda anauliza habari zako mtaani, na hilo ni jema. Akisema "In shaa Allah tutaona" mara mbili bila kutaja siku, amekataa kwa adabu. Nenda kwa mwengine.

Naye mchunguze. Uliza alioshirikiana nao: akichelewa kulipwa huwaje? Fedha ziko benki leo, au naye anategemea kuuza kitu? Mkopeshaji asiye na fedha tayari atakupotezea arbuni yako kwa muuzaji.

6. Mkataba na dhamana

Baina ya jamaa na jirani watu huona haya kuandikiana. Aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha deni la muda liandikwe, na mashahidi wawepo. Itaje, na haya itaondoka.

Mkataba wa wakili uwe na majina kamili na namba za vitambulisho vya Mzanzibari mkaazi. Kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. Nyumba kwa mipaka yake. Tarehe ya mwisho, na nyongeza ya miezi mitatu iliyokubaliwa tangu awali. Mgao wa faida na wa hasara. Nani anaamua bei ya chini ya kuuzia. Na mmoja wenu akifariki, warithi wanarithi nini hasa. Hilo la mwisho huachwa kwa kuona kisirani, na ndilo linalojaza Mahkama ya Ardhi. Fedha iandikwe kwa shilingi: tangu 2025 kanuni zinazuia bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni isipokuwa kwa mambo yaliyotajwa, hata kama mshirika wako anahesabu kwa dola.

Dhamana ni rehani iliyosajiliwa kwa Mrajis wa Ardhi. Kumkabidhi mtu hati aiweke kabatini humtuliza roho, lakini haimkingi na mkopeshaji wa pili aliyesajili. Pale ambapo hati haijatoka, mnaweza kukubaliana jina lake liingie pamoja na lako kwenye mauziano, kwa uwiano wa mtaji, nayo yasajiliwe.

Kuna karatasi moja usiitie saini kamwe: mkataba wa mauziano wa nyumba kwa jina la mkopeshaji, kwa maneno ya mdomo kwamba "ukilipa tutauchana". Zamani bei khiyari, yaani kuuza kwa sharti la kurudishiwa mali ukirejesha fedha, ilipoteza mashamba mengi ya watu kwa mlango kama huo. Siku ukichelewa, mbele ya hakimu wewe ni mtu aliyeuza nyumba yake kwa nusu ya bei.

7. Kupokea na kutumia

Fedha ya kununua iende moja kwa moja kutoka akaunti ya mshirika hadi ya muuzaji, siku ya kusaini, kwa wakili. Ya ukarabati isitoke yote pamoja. Fungueni akaunti ya saini mbili, mgawe mafungu manne: kubomoa na paa; mabomba na umeme; lipu na sakafu; milango, rangi na uzio. Fungu la pili halitoki mpaka la kwanza limeonekana. Mafundi watanung'unika, lakini hii ndiyo kinga pekee dhidi ya nyumba kusimama kwenye linta huku fedha imekwisha.

Kila mwezi mpelekee picha, risiti na salio, hata kama hakuna jipya. Kimya ndicho kinachomfanya mtu adai fedha kabla ya wakati.

8. Mambo yakichelewa

Ukiona kwa dalili kwamba tarehe haitafikiwa, mwambie siku 60 kabla, si siku ya mwisho. Mpe njia tatu azichague: kutumia nyongeza iliyo kwenye mkataba, kushusha bei ya kuuzia kwa kiasi mtakachokubaliana, au kumtafuta mshirika mpya anunue fungu lake. Usikope kwa mtu wa pili kwa siri ili kumlipa wa kwanza. Visiwani habari hufika kabla ya fedha.

9. Kufunga

Nyumba ikiuzwa, mnunuzi alipe kwa wakili, na wakili agawe kwa mujibu wa mkataba siku hiyo hiyo. Mshirika asaini risiti ya kupokea mtaji na faida, kisha muende pamoja kwa Mrajis kuondoa rehani. Hatua hii wengi huipuuza kwa sababu fedha zimeshalipwa na kila mtu ana furaha. Miaka miwili baadaye mnunuzi akitaka mkopo wake benki, rehani ya zamani inaonekana bado ipo, na aliyeiweka yuko safarini. Chukua nakala ya kuondolewa rehani, moja umpe mnunuzi, moja wakili, moja ibaki kwako.